Koti la Mjomba

Miaka michache kabla ya korona, mtoto wa marehemu kaka yangu alipata mchumba, binti wa Kikongo kama sisi, wa mtaa wa Observatory hapa ugenini. Kwa kuwa baba yake hayupo, mimi baba mdogo ndiye niliyepaswa kuongoza posa. Tena mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo koti la mjomba nililishona mwenyewe. Kwetu mjomba wa binti hupewa koti mbele ya watu. Akilivaa, mmepewa mke. Akilikunja na kulirudisha, mnaondoka na kreti zenu za soda.

Mjomba huyo hatukuwa tumemwona. Tuliambiwa analinda hospitali usiku na mchana analala. Vipimo vyake nilisomewa na dada yake, mama wa binti, kwa simu.

Jioni ya kuamkia posa ilinipasa kukaa na kijana, nimfunde mambo ya ndoa. Badala yake nilimsikiliza rafiki yangu kinyozi.

"Mzee mwenzangu, kijana haingii kwenye ndoa hajaona kitu. Kuna klabu mtaa wa Randburg, wanawake wanacheza uchi. Ukitoka pale umesahau jina lako."

"Umewahi kufika?"

"Nimesimuliwa na mtu ninayemnyoa. Mtu mkubwa."

Nilikuwa nimevuka miaka sitini. Nilivaa kofia, tukaenda.

Tulifika jua halijazama, maana kinyozi aliogopa kukosa teksi ya kurudi. Mlangoni mlinzi mwenye mabega mapana alitupapasa mifuko, akasikia tunavyozungumza, akauliza kwa Kiswahili chetu, "Wazee, leo kuna nini?"

"Tunamuaga kijana," kinyozi akasema. "Kesho tunamposea, huko Observatory."

Mlinzi alimtazama kijana, akanitazama mimi, akafungua mlango.

Ndani taa zote zilikuwa zinawaka na mtu alikuwa akipiga deki. Televisheni ilionyesha kriketi, mchezo ambao hakuna kati yetu aliyeuelewa. Chipsi zililetwa zimepoa. Hatimaye mwanamke wa kucheza alitokea, mmoja tu, amevaa jaketi juu ya vazi lake kwa sababu ilikuwa Juni, majira ya baridi huku, na hita ilikuwa upande wa kaunta. Aliizunguka nguzo taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka. Katikati ya wimbo alipiga chafya.

"Pole, dada," kinyozi akasema.

Alishukuru, akavuta zipu mpaka kidevuni.

Nilimgeukia kijana nione kama amesahau jina lake. Alikuwa amelala, mdomo wazi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate.

"Mwamshe," kinyozi akasema.

"Aone nini?"

Tulimwacha akorome mpaka wimbo wa tatu, tukaondoka.

Kesho yake huko Observatory mjomba aliingia wa mwisho. Niliyatambua mabega kabla ya uso. Alipokea koti, akaliweka magotini, hakulivaa.

"Nina swali. Kijana wenu jana jioni alikuwa wapi?"

"Kesha," kinyozi akaninong'oneza kutoka nyuma yangu. "Sema kesha la maombi."

Nilisimama. "Alikuwa na mimi. Nilimpeleka mahali pasipotajwa mbele ya akina mama. Yeye hakuomba kwenda. Kosa ni langu, na kama ni kuondoka na soda zetu, tutaondoka."

Mama wa binti akauliza, "Na huko alifanya nini?"

"Alilala, mama. Usingizi."

"Wanaume wote hulala," shangazi mmoja akasema, na wenzake wakaguna.

"Hapana," mjomba akasema. "Huyu alilala kweli. Alikoroma mpaka nikamsikia mlangoni."

Dada yake akamgeukia polepole.

"Mlango upi? Wa hospitali?"

Mjomba alisimama, akavaa koti haraka, akafunga vifungo vyote. Mikono ya koti ilimwishia mbali na viganja.

"Limenikaa vizuri," akasema, akiutazama ukuta.

Vigelegele vikapigwa. Dada yake hakupiga.

Nilimwambia mjomba alilete koti niirefushe mikono. Hakulileta. Kijana naye sasa ana watoto wawili, na yale niliyopaswa kumwambia jioni ile sijamwambia mpaka leo. Hajawahi kuyauliza.