Vifurushi viwili vya majani ya mgomba

Leo nimempelekea shangazi yangu zawadi ya kinyesi cha mbwa. Ngojeni nieleze.

Bosco, mbwa wa mama, alikuwa amegoma kula huko kijijini Ijumbi. Majirani wakasema amelishwa sumu, na mama akaanza kumlilia. Daktari wa mifugo wa hapa Bukoba akatuambia tumlete pamoja na choo chake, kikapimwe maabara.

Mama akakifunga kwenye jani la mgomba, vizuri kabisa, kama anavyofunga kila kitu.

Na kwa kuwa mama haji mjini mikono mitupu, akafunga pia senene za shangazi, wale panzi watamu wa kukaanga.

Tulipita kwanza Miembeni kwa shangazi, tukaacha kifurushi, tukaenda maabara.

Daktari akafungua chetu. Senene! Zimekaangwa, zinanukia.

"Mama, mgonjwa wako anakula vizuri kuliko mimi!"

Nikapiga simu haraka. "Shangazi, usifungue!"

"Nimeshafungua, mbele ya wanajumuiya," akajibu. "Na sala ya chakula tulikuwa tumeshasali."

Jamani!

Kifurushi kikaletwa kwa bodaboda. Daktari akainamia hadubini. Mama alikuwa ameshika kamba ya Bosco kwa mikono yote miwili.

"Si sumu, mama. Ni minyoo tu. Atapona."

Mama akapiga vigelegele palepale. Sijawahi kuona mtu akiishangilia minyoo namna ile.

Bosco kapewa dawa. Shangazi hapokei simu zangu.

Nisaidieni: naanzaje kumwomba radhi?