Taya la Nne

Shemeji yangu, mke wa kaka, hajui kubembeleza mtu, na chuma ndiyo kabisa. Miaka kumi na moja amesimama mbele ya tanuru, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani kakutuma.

Mwaka ule alipika mchanganyiko mpya wa mataya ya mashine ya kuponda kokoto: manganizi nyingi, kaboni, na kromi kidogo ya kukiongezea chuma nguvu. Matatu yakapasuka machimboni. Bosi akaja juu. "Hiyo kromi yako itatuumbua! Likipasuka la nne, tanuru hilo utaliacha, urudi kwenye mchanga wa kalibu za kumiminia chuma."

"Mchanganyiko hauna kosa," shemeji akajibu.

Mkaidi huyo! Alikata kipande cha taya bovu, akakisugua mpaka kikang'aa, akakipaka asidi, akakitazama kwa lenzi siku nzima. Akaniita. "Ona hii mistari myeusi kati ya chembechembe. Kaboni imejikusanya hapa. Chuma kimepoa njiani kabla ya kufika kwenye maji."

Mwendesha winchi ni mimi. Nimekulia kwenye chuma cha kawaida, ambacho ukikitumbukiza majini ghafla kinakuwa kigumu, halafu kinakatika kama biskuti. Kwa hiyo kila taya lilipotoka tanuruni likiwa jekundu, nililiacha lining'inie kidogo juu ya tangi la maji, lipumue. Haki ya nani, nilidhani namsaidia!

"Hiki ni kinyume cha chuma cha kawaida," akasema. "Maji ya haraka ndiyo yanayokizuia kuvunjika. Ugumu kinaupata kazini, kwa kugongwa." Nikarudi zangu kwenye winchi bila kukiri. Woga tu.

Taya la nne nililishusha mbio mpaka maji yakaruka hadi ukutani. Kesho yake, mbele ya bosi, shemeji akashika nyundo kubwa mwenyewe. Akaligonga, akaligonga tena, jasho likimtiririka. Likabonyea tu. Kadiri alivyogonga, nyundo ilizidi kudunda.

"Haya, umebadilisha nini?" bosi akauliza.

Nilikuwa juu, kwenye kibanda cha winchi. Shemeji hakuinua hata macho. "Tulikuwa tunachelewa kwenye maji," alisema.

Eti tulikuwa! Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikashuka ngazi, nikasimama kati yao.

"Bosi, huyu hajachelewa hata siku moja. Ni mimi."