Asubuhi ya Kumbikumbi Mtoni Matandu

Juzi mjukuu wangu alikaanga kumbikumbi kwenye chungu kikavu, na harufu yake ikanifuata mpaka barazani nilipokuwa nimekaa nikisuka mkeka. Ni harufu nzito, ya mafuta na udongo uliolowa kwa pamoja, na mtu asiyekulia kwetu atasema inanuka. Mimi ilininyanyua. Nilijikuta nimesimama, ukili umeanguka chini, mkono nimeukunja kana kwamba nimeshika ufito. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unatafuta nini?" Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa mtoni Matandu, mvua imekatika alfajiri, na samaki wanaruka.

Nilikuwa binti mdogo wakati huo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota sawasawa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeshatupitia. Askari wa Mjerumani walichoma nyumba zetu, na kibaya zaidi walichoma maghala ya mtama. Tuliosalia tukaingia porini, tukajenga vibanda vya majani ambavyo mtu angeweza kupita karibu asivione. Tulikula ming'oko, viazi vya porini. Ming'oko ilipokuwa haba tukachimba ndiga, kiazi chenye sumu ambacho ni lazima kilowekwe mtoni muda mrefu kabla ya kuliwa, na ambacho hata kikishalowekwa bado kinakutazama kwa ubaya. Mama yangu alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu Saidi na maziwa yalikuwa yanamkauka. Saidi alikuwa amefika mahali pa kulia bila sauti. Unaona mdomo umefunguka tu.

Baba hakuwepo. Kila nilipouliza niliambiwa amekwenda pwani kutafuta chumvi, nami niliridhika, ingawa nilishangaa ni chumvi gani hiyo isiyopatikana.

Aliyekuwepo ni shangazi yangu Salima, dada yake baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Alikuwa ameolewa na kuachika zaidi ya mara moja, na mume wa mwisho alikuwa mvuvi wa mtoni. "Yule hakunipa hata kanga," alikuwa akisema, "lakini alinifundisha kuvua. Huyo ndiye mume." Mama alimkataza kusema hivyo mbele yangu, na yeye akasema tena.

Kwetu wanawake walivua kwa matenga. Maji yakipungua waliingia mtoni kundi zima, wakapiga maji na kuimba, wakawachota samaki. Lakini mwaka ule hakukuwa na kundi, na hakuna aliyethubutu kuimba. Ndiyo maana ndoana ya shangazi, ambayo zamani watu waliicheka, ikageuka kuwa tegemeo letu.

Hiyo ndoana aliitengeneza mwenyewe kwa kipande cha waya wa simu, ule ambao wanaume waliukata njia ya Kivinje vita vilipoanza. Aliukunja, akaunoa juu ya jiwe mpaka ncha ikawa inachoma hata ukiitazama. Mshipi aliusokota kwa pamba, ile ile pamba ya shamba la akida ambayo wazazi wangu walilimishwa kwa kiboko. "Na itufae angalau mara moja," alisema akiisokota pajani.

Alinifundisha mto kwa majira yake. Wakati wa kiangazi, alisema, Matandu hukatika vidimbwi vidimbwi, maji yakawa meupe, na samaki anakuona kabla hujamwona. Hapo uvue ukiwa umelala kifudifudi, na kivuli chako kiwe nyuma yako. Masika mto unajaa, unakuwa mwekundu na kelele, unabeba magogo na mamba. Hapo kaa nyumbani. Ila upo wakati mmoja katikati, mfupi sana, mvua za kwanza zinapolowesha vichuguu na kumbikumbi wakatoka kuruka. Wengi wao huangukia mtoni. "Siku hiyo," shangazi alisema, na macho yake yakawa ya msichana, "samaki wanasahau kwamba watu wapo."

Tuliingoja siku hiyo kwa muda ambao kwa mtoto haukuwa na mwisho. Kila asubuhi nilikwenda kuweka kiganja juu ya kichuguu kilichokuwa karibu na kibanda chetu, nikasikiliza kwa mkono. Shangazi alinusa hewa. Alitazama mbayuwayu wanaruka juu kiasi gani. Mawingu yalikuja kutoka upande wa bahari, yakasimama, yakarudi, na mama akafunika uso.

Kisha ikanyesha. Ilinyesha usiku kucha, kibanda kikavuja kila mahali, na kulipokucha jua likatoka kali juu ya majani yaliyolowa. Nilikimbilia kichuguu. Kilikuwa kimetoboka matundu madogo, na kwenye kila tundu walisukumana kumbikumbi, mabawa yao yamekunjwa kama nguo mpya zilizotoka dukani. Nikapiga kelele, "Shangazi, wametoka!" Yeye alikuwa ameshashika ufito.

Mama alipukutisha kumbikumbi kwenye ungo akibaki na Saidi. Sisi tulikimbia. Sijapata kukimbia vile tena maishani. Hewa yote ilikuwa mabawa. Yalinigusa usoni, yaliingia mdomoni nami nikayatafuna. Tulipofika ukingoni nilisimama nikasahau kupumua. Maji ya Matandu, rangi ya uji wa mtama, yalikuwa yanachemka. Kila mahali palikuwa na duara, na ndani ya duara mdomo, na mdomo ukifungika hapa mwingine unafunguka pale. Perege waligeuka ubavu wakang'aa. Kambare, ambao siku zote hukaa chini matopeni kama watu wenye deni, walikuwa juu wanasukumana na kufyonza kumbikumbi kwa sauti: fyo, fyo, fyo.

"Funga mdomo, Somoe," shangazi aliniambia, "tazama ninavyofanya."

Alichoma kumbikumbi mmoja kwenye ndoana, akatupa. Hakikupita hata kitambo. Ufito ulipinda, perege akaja hewani, akaangukia majanini karibu na miguu yangu, nami nikamlalia kwa tumbo ili asirudi. Akatupa tena. Tena. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Aliponipa ufito mikono yangu ilikuwa telezi, na samaki wa kwanza nikampoteza. Wa pili nikamtoa, na nikapiga ukelele ambao nadhani ulifika Likawage.

Lakini kumbikumbi hawadumu. Jua lilipopanda walipungua, na wale walioning'inia kwenye majani walikuwa wamepukutika mabawa. Samaki bado walikuwa juu wakitafuta. Hapo shangazi akafungua pindo la kaniki yake, akatoa unyoya wa shingo ya jogoo, mwekundu wa kukaribia kahawia. Akaufunga kwa uzi kwenye shina la ndoana, akaugawa pande mbili, akaupulizia. Nakwambia, ungemwonyesha kumbikumbi mwenyewe, angeusalimia.

"Samaki watakula unyoya?" nikauliza.

"Leo watakula hata kofia ya akida. Tupa pole pole, uuache uelee."

Nikautupa. Unyoya ukaelea, ukazunguka, na chini yake nikaona kitu cheusi kinapanda, kipana, chenye masharubu. Kambare yule aliuchukua taratibu kama mtu mzima anayepokea kahawa. Kisha akavuta. Niliburutwa mpaka magotini majini, shangazi akanikamata kiunoni, tukavuta pamoja, na tulipomtoa alikuwa mrefu kuliko mkono wangu, anakoroma. Nilimkumbatia. Nilimwambia kwamba Saidi atapona.

Hapo sauti ikatoka ng'ambo. "Nyie! Mnafanya nini hapo?"

Alikuwa askari, peke yake, ana bunduki begani na kitambaa kinaning'inia nyuma ya kofia. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Alivuka kwenye kivuko cha mawe, bila haraka, akaja kusimama juu yetu. Mama alinifundisha kwamba mtu mzima husalimiwa, awe nani. Nikasema, "Shikamoo, bwana."

"Marahaba," akajibu. Kisha akakumbuka kukunja uso.

Shangazi alikuwa ameniwekea mkono begani. Askari alitazama samaki, akatazama ufito, akainama akaishika ndoana kwa vidole viwili. Akausukuma unyoya kando. Akaigeuza juani.

"Waya huu umeutoa wapi, mama?"

Watu walikuwa wakinyongwa kwa kukutwa na waya wa simu. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba mkono wa shangazi ulikuwa umenibana hata kucha zikaingia, na nikadhani bado ana furaha ya kambare.

"Ni hereni yangu, bwana," alisema. "Mume wangu aliniachia moja. Ya pili alimpelekea mke mwenzangu, na kwa yule haikuvua kitu."

Askari aliitazama tena ndoana. Kisha akacheka, alicheka mpaka akalazimika kuegemea bunduki yake. Akaupapasa tena ule unyoya, akaurudishia pande zake mbili vizuri kuliko ulivyokuwa.

"Kwetu ni mbali," alisema. "Kuna ziwa. Kumbikumbi wakitoka tulikuwa tunavua hivi hivi, mimi na mama yangu. Nipe nijaribu."

Aliweka bunduki majanini. Mpaka leo naona ilivyolala pale, karibu na perege wetu, na shangazi anaitazama, kisha anaacha kuitazama. Askari akakunja mikono ya shati, akatupa mshipi. Ulikwenda mbali, ukatua bila kutingisha maji. Mara perege akaudaka, na yule mtu mzima mwenye risasi kiunoni akaruka juu akipiga kelele kwa lugha ambayo hatukuijua. Nikaruka naye! Tukamtoa mwingine, na mwingine. Aliniita fundi mdogo.

Alipomaliza aliosha mikono, akavaa bunduki yake, na uso wake ukarudi ulivyokuwa. "Nina njaa," alisema. Shangazi akachukua kambare wangu, akampa. Nililia kwa sauti. Nilimshika samaki mkia, na shangazi akanibandua vidole kimoja kimoja. Askari alimpitisha kambare kwenye kijiti, akatembea kidogo, akasimama bila kugeuka.

"Kesho tutapita hapa wengi, na bwana mkubwa," alisema. "Kama mna watu wenu huku, wasiwe huku."

Akavuka mto, akaenda zake.

Shangazi alikaa chini, akamwangalia mpaka vichaka vikamficha. Nikaendelea kulia. Halafu akainuka, akafunga samaki kwenye majani, akanishika mkono, tukaingia kichakani palepale nyuma ya tulipokuwa tukivua. Hatukwenda mbali. Chini ya miti iliyosongamana kulikuwa na kitanda cha majani, na juu yake amelala mtu, ndevu zimeota ovyo, paja limefungwa kwa matambara.

"Nimesikia yote," alisema yule mtu. Kwa sauti nikamjua. Alikuwa baba.

Sikuuliza chumvi iko wapi. Nilimrukia, akaguna kwa maumivu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, kumbikumbi, maji kuchemka, unyoya, kambare, askari, kambare tena, na yeye akawa anaitikia "Ee? Ee?" huku anakula perege aliyebabuliwa nusu nusu kwa moto wa kuficha. Jua lilipopinda tukamfuata mama kibandani, tukahama. Mama alimbeba Saidi, shangazi alimwegemeza baba, mimi nilibeba samaki. Tulikwenda upande wa Likawage, ndani kabisa, na kwa muda tukala samaki wakavu na kumbikumbi. Maziwa ya mama yakarudi. Saidi akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha upesi.

Kwa miaka mingi niliisimulia siku hiyo kama siku nzuri kupita zote za utoto wangu, na sijabadili neno. Lakini nilipokuwa mtu mzima, nimeshazaa, niliuona kwa mara ya kwanza waya wa simu ukiwa mzima, umetandazwa kwenye nguzo zake barabarani, nikaelewa kwamba mtu aliyetembea chini ya waya ule miezi na miezi kuulinda hawezi kuuona akadhani ni hereni. Alijua. Alijua tangu alipouinua juani. Huenda pia ndiye aliyetia moto ghala letu. Mtu fulani alilitia moto, na walikuwa hawa hawa.

Niliwapelekea baba na shangazi fikra hiyo, wakiwa wazee. Baba alisema hataki kusikia habari za yule mtu nyumbani kwake. Wenzake wote aliokwenda nao vitani walikufa, na aliowaona wakiwaua walivaa kofia ile. Shangazi Salima, aliyekuwa akichambua mchele, hakubishana naye. Alitupa kijiwe nje, akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Lakini mshipi alijua kuutupa."

Baba akachukua fimbo yake, akachechemea kwenda nje. Nami nikabaki mlangoni, nusu ndani nusu nje, nisijue nimfuate nani.