Dirisha Likae Ubavuni

Nakumbuka siku moja shangazi yangu alinikuta saa sita mchana nimejifunika kanga gubigubi, mimi na kompyuta yangu pamoja, jasho linanitiririka mpaka kidevuni. Alisimama mlangoni, akanusa hewa, kisha akauliza kwa ile sauti ya upole anayowawekea wagonjwa:

"Baba, unajifukiza?"

"Shikamoo, shangazi. Hapana. Nasoma."

"Marahaba. Unasoma nini humo ndani, mwarobaini?"

Mwanangu, nakusimulia aibu hii kwa hiari yangu. Nimefika umri ambao vijana wananiamkia kutoka ng'ambo ya barabara, na mtu akishaamkiwa hivyo anatarajiwa awe na nasaha mfukoni. Nimepekua maisha yangu nikitafuta nasaha nzito, ya ndoa au ya uongozi, nikakuta wenzangu wameshazitoa zote vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Iliyo yangu kweli ni hii moja tu: mahali pa kuweka meza ya kompyuta, na namna ya kuipa mwanga. Usicheke. Meza hiyo nusura ininyime shahada.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini, mwalimu wa sekondari niliyekuwa kwenye likizo ya masomo. Vipindi vya chuoni nilikuwa nimevimaliza, nimerudi nyumbani Lumemo, hapa Ifakara, kuandika tasnifu yangu ya uzamili. Mada ilikuwa majina ambayo wakulima wa bonde letu wanaipa mipunga yao. Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili, na barua ya mara ya pili haikuzunguka: mwisho ni siku ya mwisho ya mwezi wa sita, nisipokabidhi jina langu linafutwa. Sura tatu zilikuwa bado hazijaandikwa, na mwezi wa tano ulikuwa unayoyoma.

Nilipewa chumba cha mbele, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Kompyuta nilikuwa nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, ile ya mezani ya zamani yenye kichogo kikubwa kama televisheni. Mtaani kwetu haikuwapo nyingine. Mtu mwenye akili angejiuliza aiweke wapi ili asome vizuri. Mimi nilijiuliza niiweke wapi ili wanaotoka sokoni waione. Nikakaa nimelipa dirisha mgongo, ili anayepita achungulie juu ya bega langu aone kioo kinawaka na maneno yanajipanga. Juu ya meza nikalaza kioo, kama nilivyoona kwa mkuu wa idara chuoni. Kuta nikazipaka rangi nyeupe ya mafuta, inayong'aa kiasi kwamba ungeweza kuchana nywele mbele yake. Halafu nikanunua balbu kubwa kuliko zote dukani, nikaining'iniza wazi juu ya meza. Niliamini mwanga ni kama mchuzi wa nyama, hakuna siku utalalamika umewekewa mwingi.

Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Watu walipita wakiita, "Mwalimu, chapa kazi!" nami niliinua mkono bila kugeuka, kama mtu aliyezama katika mambo mazito. Wiki ya pili kichwa kikaanza. Ikifika saa nne asubuhi kinagonga juu ya nyusi, macho yanawasha na kutoa machozi, na shingo imekakamaa kwa kuinama kushoto na kulia nikitafuta pembe ambayo herufi zitaonekana.

Mtu wa Ifakara akiumwa kichwa anajua la kufanya. Nilikwenda kupima malaria. Hakuna. Baada ya siku tatu nikapima tena mahali pengine, nikidhani hadubini ya kwanza ilikuwa mvivu. Hakuna. Nikanunua miwani kwa kijana anayetembeza barabarani, nikachagua ile iliyonifanya nifanane na profesa. Kichwa kikazidi.

Ilikuwapo dalili moja ambayo ingemzindua mtu yeyote. Siku umeme ukikatika na nikaenda kukaa nje, kichwa kilipona. Mimi, msomi, nikahitimisha kwamba umeme wenyewe una kasoro. Kwamba labda sisi tulio karibu na bwawa la Kidatu tunaupata ukiwa bado mkali. Nikaanza hata kumwangalia kwa wasiwasi jirani mmoja aliyekuwa akisifia kompyuta ile kupita kiasi, nikidhani ana kijicho. Na ukumbuke kwamba katika sura yangu ya pili nilikuwa nimeandika aya nzima ya kuwasahihisha watu wenye mawazo kama hayo.

Ndipo nikabuni kanga. Chini yake giza lilikuwa zuri na herufi zilionekana, ila pumzi ilikuwa haba. Sasa nikuambie jambo ambalo shangazi hakulijua aliposimama pale mlangoni: sikuwa naandika tasnifu. Nilikuwa namwandikia barua msimamizi wangu, kwamba macho yamekataa na naomba niishie hapo.

Hilo nalo nilimwambia. Shangazi Felista, dada mkubwa wa baba, si mtu unayeweza kumficha kitu ukiwa na kanga kichwani. Yeye ni fundi cherehani. Alikuwa anashona kwenye kibaraza cha duka karibu na soko tangu kabla sijazaliwa, na siku hiyo alikuwa amepita kuniletea wali na kambale. Aliweka bakuli chini, akaivuta kanga, akaikunja vizuri.

"Toka hapo kwenye kiti."

Akakaa yeye. Akaweka mikono mapajani kama anasubiri kupigwa picha, akakikodolea macho kioo.

"Maandishi yako wapi?"

"Hayo mbele yako, shangazi."

"Mimi naona dirisha. Naona nondo. Namwona Mama Happy anapita na ndoo." Akasogeza kichwa. "Huku juu naona balbu. Na hapa mezani, kwenye kioo, balbu nyingine. Balbu mbili, dirisha moja, Mama Happy mmoja. Wewe unaandika wapi kati yao?"

Nikajitetea kwamba nimeiweka hivyo kwa makusudi, vijana wanaopita wapate kuhamasika.

"Wahamasike na nini? Mimi napitaga hapo kila siku. Kutoka juani naonaga mgongo wako tu, shati limelowa." Akainuka. "Umetafuta mahali pa kuonekana, baba. Mahali pa kuona hujapatafuta. Kula, halafu unifuate."

Nilikula, nikamfuata mpaka kibarazani kwake. Wiki hiyo kwaya ilikuwa imeagiza sketi nyeusi, na kushona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi ni kazi inayomfichua mara moja fundi asiyejua kukaa. Mashine zilikuwa nne. Nilikuwa nimepita mbele ya kibaraza kile tangu nikiwa natembea peku, na sikuwahi kugundua kwamba zote nne zimekaa ubavu kwa barabara. Hakuna fundi aliyeikabili nuru, na hakuna aliyeipa mgongo.

"Ukilikabili jua," alisema huku mguu ukiendelea na kazi, "macho yanajaa mwanga, kitambaa kinageuka usiku. Ukilipa mgongo, kivuli chako kinaangukia sindano. Basi unalipa ubavu. Likihama, na sisi tunahama." Na kweli, ilipofika saa tisa mafundi walisimama bila kuambizana, wakavuta mashine zao hatua moja ndani, na mmoja akashusha kipande cha marikani kilichokuwa kimefungwa juu ya nguzo. Jua likabaki nje, mwanga wake ukaingia.

"Mimi nikiwa msichana niliweka mashine kuelekea barabarani," shangazi akaendelea, "wateja waone sura yangu. Nilikuwa mzuri, usinitazame hivyo. Nikashona gauni la harusi, mkono wa kushoto nikauweka bega la kulia. Bibi harusi alikaa kanisani na mtandio mpaka ibada ikaisha. Tangu siku hiyo sura yangu naionyesha Jumapili tu."

Jioni ile ile, jua likiwa bado halijazama, alirudi nami tukapanga chumba upya. Meza tuliigeuza mpaka dirisha likawa ubavuni, upande wa kushoto, kwa kuwa ninaandika kwa mkono wa kulia na daftari hukaa pembeni. Kioo cha meza alikiondoa, akakisimamisha nyuma ya kabati, na mahali pake akatandika kitambaa cha kaki kisichong'aa. Dirishani alitundika shashi nyeupe iliyobaki kwenye magauni ya komunyo. Mwanga ulipita ndani yake ukawa laini, mithili ya asubuhi yenye mawingu. Ukuta wa mbele yangu, ule wa kuchania nywele, hatukuwa na muda wa kuupaka upya. Akautundikia mkeka.

Kilichobaki kilikuwa balbu, na hapo ndipo nilipobisha.

"Tukiitoa, nitaona kwa mwanga gani?"

"Hii mashine yako inawaka yenyewe. Unaimulika ya nini? Taa unaitaka kwa ajili ya daftari na kwa ajili ya chumba." Tukaweka balbu ndogo nyuma ya meza, kwenye kona, tukaielekeza ukutani juu ya mkeka. Niliona ni wazimu, taa kutazama ukuta. Lakini nilipokaa, chumba kizima kilikuwa na nuru na hapakuwa na kitu hata kimoja kilichonichoma jicho. Kwenye kioo palikuwa na herufi tu. Mama Happy alikuwa ameondoka.

Ningependa nikuambie kwamba nilitii kuanzia hapo. Siku nne nilifanya kazi bila kichwa kuuma, nikamaliza sura nzima. Ila sasa waliopita barabarani waliona shashi tu, na mmoja akaniita kwa huruma: "Mwalimu, kompyuta umeuza?" Swali hilo lilinikaa kifuani. Jumapili, nikijua watu wengi watapita wakitoka kanisani, niligeuza meza ikarudi kama zamani na kuifungua shashi. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimelala chali, kitambaa chenye maji usoni. Jumatatu sikuweza kusoma hata mstari. Siku mbili zilikuwa zimepotea, na kalenda haikuwa na siku mbili za kuchezea.

Shangazi alikuja, akaitazama meza, akanitazama mimi.

"Hicho chuo chako," aliuliza, "kitapita hapa barabarani?"

"Hapana, shangazi."

"Basi unamwonyesha nani?"

Akashika upande mmoja wa meza, nikashika wa pili. Tukairudisha ubavu kwa dirisha, na sikuigeuza tena.

Sura ya mwisho niliimaliza zikiwa zimebaki siku tano. Nikachapisha, nikapanda basi na bahasha mapajani, kupitia Mkula na Kidatu mpaka njia kuu ya Mikumi, nikaifikisha chuoni siku moja kabla ya mwisho. Karani aliipokea, akagonga muhuri, akaiweka juu ya nyingine bila kuinua uso. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimekaa vipi wakati naiandika. Nilisimama pale kwenye dirisha la karani kwa muda, nikisubiri kusifiwa, mpaka aliyekuwa nyuma yangu akaniomba nisogee.

Haya mwanangu, nasaha yenyewe. Wewe una kompyuta nyembamba ya kubeba, tena kioo chake kinang'aa kuliko ile yangu ya kichogo, na najua unataka kukaa mbele ya dirisha kwa sababu picha inatoka vizuri. Kabla hujakaa, izime. Tazama kile kioo cheusi kana kwamba unajitazama, na chochote utakachokiona kinang'aa humo, iwe dirisha, iwe taa au fulana yako nyeupe, ujue hicho ndicho kitakuumiza kichwa. Kihamishe, au hama wewe. Dirisha likae ubavuni, lisikae mbele wala nyuma, na uliwekee kitambaa chepesi kwa saa zile jua linapoingia moja kwa moja. Ukitaka kujua kama taa ya juu inakusumbua, weka kiganja juu ya nyusi kama mtu anayemtafuta mwenzake ng'ambo ya shamba; macho yakipata nafuu, taa hiyo imekaa vibaya. Taa nzuri ni ile ambayo huioni, unaona ilichokimulika. Ielekeze ukutani au kwenye karatasi zako, uivalishe kofia isikuchome macho, na uchague yenye rangi ya joto badala ya ile nyeupe ya buluu inayofanya chumba kifanane na bucha.

Usifanye kazi gizani pia ukidhani umenielewa, kioo kikawa ndiyo taa pekee chumbani. Shika karatasi nyeupe kando yake: kioo kisiiwakie karatasi hiyo kama kurunzi, wala kisififie mbele yake kama majivu. Kila baada ya muda inua uso utazame mbali, milima ya Udzungwa ipo pale bila malipo. Na kama umefanya yote haya na kichwa bado kinagonga, usinunue miwani ya kukufananisha na profesa. Nenda kwa daktari wa macho.

Zaidi ya hapo sina. Shangazi bado anashona, ingawa amepunguza, na akisikia nimeandika haya atauliza kwa nini nimetumia maneno mengi hivi kuhusu kugeuza meza. Mungu akupe kazi unayoipenda, akupe macho ya kuifikisha mwisho, na siku utakapoikabidhi kwa mtu asiyeinua uso kukutazama, akujalie uondoke pale ukiwa na furaha yako timamu.