Kitabu Kilichoanzia Kulia

Msomaji wa kwanza wa kile kitabu alikisoma kinyumenyume, na alikipenda sana.

Alikuwa kuli wa mtaa wetu, mtu wa kubeba majokofu mgongoni, na kazi ikipoa alikuja kukaa kwenye benchi la kibanda changu. Nilikuwa nakodisha magazeti ya katuni pale Kariakoo, miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa kuingia: redio za Dubai, viatu vya sijui wapi, televisheni, na magazeti mapya yaliyozaliwa Jumatatu yakafa Ijumaa. Unalipa kidogo, unasomea hapohapo, unarudisha. Siku hiyo kuli alichukua kijitabu kipya cha fotokopi, akafungua, na baada ya muda nikasikia benchi linatikisika kwa kicheko.

"Dada, huyu mwizi kiboko! Kaanza na kipigo. Watu wakamwachia, meno yakamrudia mdomoni, akaenda kwa mama wa watu kurudisha redio. Halafu anatoa tonge mdomoni, anarudisha kwenye sahani! Kaondoka na njaa yake. Mwizi mstaarabu namna hii wapi umemwona?"

Aliyekichora alikuwa amesimama kando yangu, brashi imekaukia mkononi.

"Umeanzia mwisho, bwana," alisema.

"Mwisho gani? Si nimefungua kitabu?"

"Kinafunguliwa kwa kulia."

Kuli alimtazama, akakitazama kitabu, akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza nani kati yetu ana homa.

Mchoraji alikuwa jirani yangu, fundi wa kuchora vibao vya maduka. Alitoka kusini, upande wa Lindi, na kabla ya kuona mlango wa shule alikaa madrasa miaka mingi, kwa hiyo mkono wake ulijua ukurasa unaanza kulia. Shuleni walimfundisha kuandika kutoka kushoto, na vibao vyake vyote viliandikwa hivyo, safi kabisa. Lakini alipokaa chini kupanga picha za hadithi yake mwenyewe, mkono ulikwenda kulia bila kumuuliza. Kila ukurasa picha mbili, kando kwa kando, na ya kwanza ni ya kulia. Ukianzia kushoto, kama alivyofanya kuli, hadithi yote inarudi nyuma.

Ukiisoma inavyotakiwa, ni hivi: mwizi anaingia nyumba moja ya Kariakoo, mama mwenye nyumba anamdhania mgeni, anampakulia wali na samaki. Mwizi anakula mpaka anashiba, anaona aibu, na redio anaiba hivyohivyo. Mwisho anakamatwa. Yule mama alikuwa mama yake fundi, marehemu. Fundi alinieleza mwenyewe: sura ile, mtandio ule, na namna ya kusogeza sahani kwa mgeni.

Niseme na jambo jingine, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini alihangaika. Maduka yalikuwa yameanza kuweka vibao vya stika zilizokatwa kwa kompyuta. Herufi zote sawa, bila hata alama ya brashi. Fundi alikuwa anakaa siku nzima na makopo yake ya rangi yamefunikwa. Kama kitabu kingepigwa chapa kikauzwa, angeendelea kuwa mchoraji. Kama sivyo, shemeji yake alikuwa amemtafutia kazi ya ulinzi kwenye ghala, na jibu lilikuwa linasubiriwa.

Kibandani kwangu kulikuwa na rafu mbili. Moja yangu, na moja ya binti mmoja wa Upanga, wa familia ya Kihindi, aliyekuwa anasoma chuo. Ndugu zake wa nje walimletea vitabu vya katuni za Kijapani, vingine vimetafsiriwa Kiingereza, vingine Kijapani chenyewe ambacho hata yeye alikuwa anaangalia picha tu. Aliviweka kwangu vikodishwe, kwa sharti moja: rafu yake ni ya Kijapani tupu. Nilikubali. Sikuwa na elimu ya kubishana naye, nimeishia darasa la saba, na rafu ilikuwa yake.

Jumamosi ya wiki ile alipokiona kitabu cha fundi alikifungua kwa kulia bila kuambiwa. Akasoma mpaka mwisho. Alipofika kwenye kipigo alifunika mdomo.

"Fundi, manga umeisoma wapi?"

"Manga? Mimi najua pilipili manga tu."

Alicheka, akamweleza kwamba Wajapani wanaziita hivyo katuni zao za vitabu, na za kwenye televisheni ni anime, na kwamba vitabu vyao navyo vinaanzia kulia. Fundi hakucheka.

"Sijamwiga mtu," alisema.

"Sijasema umeiga. Nimeuliza tu."

Ni yeye binti aliyempelekea baba yake kile kitabu. Baba alikuwa na duka la daftari hukohuko Upanga, chini ya ghorofa yao, na nyuma ya duka mashine za kupiga chapa. Tulikwenda kumwona, fundi na mimi, binti akiwepo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mama, karibuni," akakifungua kitabu kwa kushoto kama kuli. Akakunja uso. Binti akakigeuza mkononi mwake. Akasoma tena, akatabasamu mahali pa wali na samaki.

"Kizuri," alisema. "Lakini mteja akinunua kitu kikafungukia nyuma, analeta. Anasema nimebandika vibaya. Sasa nyie niambieni. Kama hii ni kitu kimoja na vile vitabu vya binti yangu, sawa, napiga hivihivi, nauza kwa vijana wake, wao njia wanaijua. Kama ni katuni ya kawaida, nitageuza filamu ya kupigia chapa, picha zitazame upande wa pili, ianzie kushoto kama vitabu vyote. Maneno fundi ataandika upya. Amueni."

Tukabaki na swali la ajabu kabisa: kitabu cha Kariakoo ni manga au siyo?

Tulibishana Jumamosi iliyofuata, pale kibandani. Mwenye sauti kubwa alikuwa kijana wa jirani aliyekuwa anauza kanda za video.

"Sista, ngoja nikuulize. Chapati imetoka wapi?"

"Kwetu," alisema binti.

"Bi mkubwa wangu anapika chapati Buguruni kila asubuhi. Siyo chapati?"

"Ni chapati. Lakini nikimpelekea bibi yangu atasema, 'Mkate mzuri huu, wanauitaje?'"

Watu waliangua kicheko, na muuza kanda naye, ila hakunyamaza.

"Sasa wewe unataka Mjapani orijino tu. Redio hizi zote za hapa zimeandikwa Kijapani, ukifungua nyuma unakuta zimetoka kwingine. Si tunazisikiliza?"

"Ndiyo maana nyie wenyewe mnasema orijino na feki."

"Mimi siyo feki," alisema fundi, polepole.

Binti aligeuka mara moja. "Sikusema hivyo, fundi. Wallahi sikusema." Alisema wallahi kama sisi sote, ingawa dini yake nyingine. "Katuni yako ni nzuri kuliko nyingi za rafu yangu. Nasema tu siyo manga. Manga ina watu wake, namna waliyofundishana, wasomaji wao wanaoisubiri kila wiki kwao. Wewe hukufundishwa na hao. Ulifundishwa na mama yako na mwalimu wa madrasa. Kwa nini nikuite mtoto wa nyumba ambayo hujaingia?"

Jioni niliandika maneno hayo kadiri nilivyoyakumbuka, nikaona yana uzito. Wengine walisema anaringa. Hapana. Alikuwa anajua kabisa kwamba kwa kusema "siyo" anampa fundi taabu, na sauti yake ilionyesha.

Mimi nilikuwa na jambo moja tu, na nililisema kwa woga. Bibi yangu alikuwa na khanga za zamani ambazo pembeni zilikuwa na herufi ndogo, na mtu mmoja aliyesoma alitwambia zimeandikwa kwamba zimetengenezwa Japani. Bibi alizivaa msibani, harusini, alibebea watoto. Hakuna aliyewahi kumwambia hizo siyo khanga.

Muuza kanda akapiga kofi pajani. "Umeona! Mjapani kafanya khanga, fundi anafanya manga. Ngoma droo!"

Binti alifikiri. Nilipenda alivyofikiri, alisahau kama tunamwangalia.

"Dada, nani aliamua kwamba ni khanga? Mjapani au bibi yako?"

"Bibi."

"Basi. Mwenye nguo aliamua. Na manga waamue wenyewe."

Nililichukua swali lile mpaka nyumbani, nikapika nalo, nikalala nalo. Baadaye ilinijia kwamba bibi hakuwa mwenye nguo kwa maana ya kuifuma au kuipiga chapa. Alikuwa mvaaji tu. Je, mvaaji ndiye anayeamua? Kama ni hivyo, kwa kitabu ni msomaji. Na msomaji yupi, binti anayejua mlango ulipo, au kuli? Mpaka leo sijui. Labda wenye shule walishalimaliza zamani na mimi nahangaika bure.

Siku ile neno la binti ndilo lililosimama, kwa hiyo jibu lililokwenda kwa mzee lilikuwa siyo manga, na fundi mwenyewe ndiye aliyelipeleka. "Geuza tu, mzee," alimwambia. "Mradi watu wasome." Siku ya kuangalia karatasi ya kwanza tulikwenda watatu, fundi, binti na mimi. Karatasi ilitandazwa mezani, bado inanuka wino. Maneno yalikuwa yametoka kinyume kama kwenye kioo, tuliyategemea, fundi angeyaandika upya. Picha zilikuwa safi. Hadithi sasa ilitoka kushoto kwenda kulia, na hata mimi niliona inateleza vizuri. Nikaanza kusema hongera.

Fundi hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama juu ya picha ya wali na samaki, na mkono wake wa kulia ulikuwa unajinyanyua kidogo, unashuka, kama anaupima.

"Nini?" aliuliza mzee.

"Mama yangu," alisema fundi. "Anampa mgeni chakula kwa mkono wa kushoto."

Tuliinama wote. Kweli. Na mwizi alikuwa anakula kwa kushoto, tonge zima. Na jirani aliyemwamkia mama mlangoni alikuwa ametoa mkono wa kushoto, na mama kaupokea kwa kushoto. Nyumba nzima ya adabu ilikuwa imegeuka nyumba isiyofundishwa. Hakuna aliyefanya makosa. Filamu imegeuzwa, na mikono ikageuka nayo. Lakini ukishaona, huwezi kuacha kuona.

"Huyu mama alinipiga kofi kwa sababu ya mkono huo," alisema fundi. "Nilipokuwa mdogo nikichukua kitu kwa kushoto. Sasa mimi ndiye nimemfanyia hivi?"

Mzee alivaa miwani, akatazama kwa muda. "Bibi yangu angenichapa na mimi," alisema. Kisha akawa mfanyabiashara tena. "Hapana, hapana. Hii siwezi kuuza. Kariakoo kule? Watasema Mhindi kawatukania mama zao. Watarudisha zote."

Binti alitoka, akapanda kwao ghorofani, akarudi na kimoja cha vitabu vyake vya Kijapani, kilichotafsiriwa Kiingereza. Alikifungua kwa kushoto. Kilikuwa na wapiganaji wa panga.

"Angalieni. Wote humu ni mashoto. Kiligeuzwa huko Ulaya, ili wasomaji wasipate taabu. Nilijua siku nyingi, kinanikera, sikuwahi kumwambia mtu."

"Na hiki kikija kwangu, kinakaa kwenye rafu ya Kijapani tupu?" niliuliza. Sikuwa namsuta, nilitaka kujua.

"Kinakaa. Aliyechora ni Mjapani. Lakini cha fundi kikigeuzwa, ni aibu ileile. Hilo halina manga wala siyo manga. Baba, kirudishe kilivyokuwa."

"Na watu wakifungua nyuma?"

Fundi aliomba karatasi tupu. Aliandika kwa herufi zake za vibao, zile nene zenye kivuli chini, papo hapo bila kupiga mstari wa penseli: HAPA NI UANI. ZUNGUKA, UPIGE HODI MBELE. Akamsogezea mzee, kwa mkono wa kulia.

"Hii iwekwe kwenye jalada la kushoto, kwa anayefungulia huko," alisema.

Mzee alisoma, mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. Akaichukua mwenyewe mpaka kwenye mashine.

Kitabu kilitoka hivyo. Fundi alimrudishia shemeji yake jibu la kazi ya ghala, nami nilikuwepo alipolitoa, kwa hiyo najua lilikuwa fupi: hapana. Nilikiweka kwenye rafu yangu, siyo ya binti, kwa sababu sharti lilikuwa lake na hakuwa amelibadili. Yeye alinunua viwili. Nikamuuliza ataviweka wapi. "Nyumbani, katikati ya vyangu," alisema. "Kule hakuna sharti. Hapa lipo."

Kuli naye alikuja. Nilimwona ameshika kitabu, amekodolea macho jalada la kushoto, midomo inasoma polepole: hapa ni uani. Kisha akafungua hapohapo.

"Bwana, si umeona pameandikwa uzunguke?" nilimwambia.

"Nimeona, dada. Lakini mimi namtaka yule anayerudisha redio."

Nilimgeukia fundi, nikidhani ataudhika. Alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega la kuli, anafuata picha moja baada ya nyingine kurudi nyuma, mpaka pale mwizi anapotoa tonge mdomoni na kulirudisha kwenye sahani ya mama.

"Mwache," alisema. "Anarudisha kwa kulia."