Waya Mmoja wa Breki

Mwaka 2012, ungeuliza Kakuma nzima ni nani anayeweza kunyoosha rimu iliyopinda ikazunguka kama mpya, ungeelekezwa kwa Thon. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara ya kambi ya wakimbizi, sehemu ya Kakuma Moja. Alikuwa ameletwa pale kutoka Sudan akiwa na miaka tisa, na sasa alikaribia thelathini bila kujua kazi nyingine ila baiskeli. Wabeba abiria walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi, na baiskeli ikitoka mikononi mwake haikurudi na tatizo lile lile. Hilo alijivunia kuliko kitu chochote.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwalimu Benard, mtu wa Kakamega aliyefundisha shule ya msingi pale mjini. Benard alikuwa mnene, mcheshi, na polepole sana juu ya baiskeli. Ndiye aliyemfundisha Thon kusoma gazeti la Kiswahili, wakikaa kwenye kibanda jioni baada ya shule. Na ndiye aliyemwingiza katika kikundi cha Sista Sylvia.

Sylvia alikuwa muuguzi Lodwar, lakini kwao kulikuwa Kapcherop, juu kabisa kwenye milima ya Cherangani. Kila Desemba alikusanya marafiki wachache, wakapakia baiskeli kwenye lori hadi Makutano, kisha wakaendesha siku mbili kupitia Kabichbich na Lelan mpaka nyumbani kwa mama yake. Mwaka huo walikuwa watano. Thon alialikwa awe fundi wao, ila mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Benard alihangaikia kibali hicho wiki mbili, akipanga foleni kwenye ofisi hii na ile, akiandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Alipokipata alikuja akikipunga kama bendera.

"Sasa utaona viazi vikiwa shambani," alisema. "Si vile vya kwenye gunia."

Walikusanyika Lodwar, nyumbani kwa Sylvia, Jumapili mchana. Thon akazigeuza baiskeli zote tano miguu juu, akazikagua moja moja. Akakuta waya wa breki ya mbele, ndiyo ya kutegemewa, umeanza kukatika kwenye baiskeli mbili: yake, na ya Benard. Nyuzi tatu nne zilikuwa zimechomoza karibu na nati, kama nywele. Kwenye mfuko wake alikuwa na waya mpya mmoja tu.

Angeweza kusema. Maduka mengine Lodwar yalikuwa wazi. Lakini wenzake walikuwa wamekaa pale kivulini wakinywa chai, na Sylvia alikuwa ametoka kumsifu mbele yao, kwamba safari hii wana fundi wa kweli. Thon aliona aibu kusema kwamba fundi wa kweli amekuja na waya mmoja. Akawaza: Mwalimu hana mbio, atakuwa nyuma yetu siku zote. Kakuma hata breki hatutumii, mchanga wenyewe unakusimamisha. Akaufunga waya mpya kwenye baiskeli yake.

"Yangu vipi?" Benard aliuliza.

"Iko sawa kabisa, mwalimu."

Siku ya kwanza ilikuwa ya kupanda. Kutoka Makutano barabara ya murram, isiyo na lami, ilijikunja na kupanda, ikajikunja tena, na Thon, ambaye nyumbani alibeba watu wawili na gunia bila kuhema, alishuka akasukuma. Hewa ilikuwa baridi na nyepesi. Pande zote kulikuwa na mashamba ya kabichi na pareto yaliyoning'inia kwenye miteremko, na kondoo wenye manyoya mengi kuliko alivyowahi kuona. Wanawake waliokuwa wakichimba viazi walisimama, wakajipangusa mikono, wakawasalimia kila mmoja. Kwenye boma moja walipewa maziwa ya kibuyu na viazi vya kuchemsha vyenye moto, na mzee mwenye boma akamgusa Thon bega, akashangaa urefu wake. Benard alifika robo saa nyuma ya wote, uso mwekundu kwa vumbi, akicheka.

Walilala Kabichbich. Asubuhi ya pili, baada ya Lelan, barabara iligeuka kuwa ya kushuka, na hapo ndipo Thon alipoelewa alichokifanya. Hakuwa amewahi kuona mteremko wa namna ile. Alibana breki mpaka vidole vikafa ganzi. Kila alipohisi waya mpya ukishika, alikumbuka ule mwingine. Kwenye kona moja alipunguza mwendo, akataka kusimama amngoje mwalimu, amwambie ashuke atembee. Lakini angemwambia kwa nini? Akaendelea kuwaza hivyo kwa mita mia, na katika mita hizo mia Benard akampita.

Alipita kama upepo, mnene vile, miguu imeachia pedali, akipiga kelele. Wote walidhani anashangilia. Kwenye kona iliyofuata aliiacha barabara, akavunja ua wa miti, akaangukia kwenye shamba la viazi.

Thon ndiye aliyefika kwanza. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika na mkono wa kulia umepinda vibaya. Kabla hata ya kumwinua, macho yake yalikwenda kwenye usukani: waya umekatika pale pale. Akamfunga mwalimu mkono kwa shati lake, akambeba mgongoni kilomita mbili hadi zahanati, na huko nyuma Sylvia alikuwa akilia na kuwaomba wenye shamba radhi. Lakini kabla ya kumbeba, Thon aliung'oa ule waya kwa koleo, akautia mfukoni.

Hadithi iliyofika Lodwar na Kakuma ilikuwa fupi: Mwalimu Benard alitaka kuwashinda vijana, akaruka. Wakamwita Ndege. Wanafunzi walimpungia mikono kama mabawa akipita. Sokoni watu walimwuliza atatua lini. Benard mwenyewe alisema kwamba alibana breki na haikushika, lakini nani angemsikiliza?

"Breki ilikuwa nzuri," mtu mmoja alisema kibandani. "Si ulikagua wewe, Thon?"

Thon akacheka pamoja nao. Kicheko hicho ndicho kilichomtesa baadaye kuliko hata waya.

Siku ya Krismasi Benard alisimama kanisani, mkono kwenye bandeji, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Thon kwa jina. Alisema kuna ndugu wa damu na kuna ndugu wa mgongoni. Watu walipiga makofi. Thon aliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Januari shule zilipofunguliwa, mkono wa Benard ulikataa kuinuka kupita kidevu. Alijaribu kuandika ubaoni kwa kushoto, herufi zikatoka kama za mtoto, darasa zima likaangua kicheko. Alimsimulia Thon jambo hilo jioni moja, akijaribu kulifanya mzaha, na katikati ya mzaha akaacha kucheka. "Labda wanasema kweli," alisema. "Labda nilisahau kubana. Siku hizi hata mimi sijui."

Thon akaweka spana chini. Akaingia ndani ya kibanda, akatoka na kipande cha waya, akamwekea kwenye kiganja.

"Hukusahau," alisema. "Niliuona Lodwar. Nilikuwa na mpya mmoja. Nikaufunga kwenye baiskeli yangu."

Benard aliugeuza ule waya muda mrefu. Kuku walipita kati yao wakidonoa.

"Na ulicheka nao," alisema hatimaye. Halikuwa swali.

"Nilicheka."

"Waya ningekusamehe hapa hapa." Akasimama, akauweka waya juu ya sanduku la vifaa, akaenda zake kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata Thon alipanda gari hadi Lodwar, kwa kibali alichokitafuta mwenyewe safari hii, akawaambia Sylvia na wale wenzao wawili habari ya waya, akiwa amesimama. Hakuna aliyemtukana. Sylvia aliuliza tu, "Na mimi nilikuwa nikikusifu?" Kisha akaingia ndani, asirudi. Thon aliporudi Kakuma aliwaambia pia wabeba abiria wote waliokuja kibandani, mmoja mmoja, mpaka jina la Ndege likaanza kufa. Baadhi yao hawakurudi na baiskeli zao.

Benard alikuja mwezi wa tatu. Alisema amesikia, na kwamba amemsamehe, na Pasaka aje wale pamoja. Thon akaushika mkono wake mzima kwa mikono yote miwili.

"Lakini baiskeli yangu," Benard aliongeza kwa upole, "hutaishika tena."

Akatimiza yote mawili. Pasaka walikula pamoja, na Thon akapewa kiti kizuri. Na baiskeli ikiharibika, mwalimu huikokota kwa mkono wa kushoto kupita mbele ya kibanda, akamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Thon," kwa moyo mweupe kabisa, kisha akaendelea hadi kwa fundi wa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu.