Hatua Kumi Nyuma

Mbeyu mwanangu, jana uliniuliza uchukue lenzi gani uende nayo hori la Mida kuwapiga picha ndege hawa wanaokimbia baridi ya Ulaya. Swali lako limenikosesha raha. Keti nikwambie jambo, na usinikate maneno.

Nakumbuka Januari moja, nikiwa kijana wa umri wako, kabla ya simu za picha kujaa mifukoni. Nilikuwa na studio ndogo Malindi, nikipiga picha za pasipoti na harusi, na hoteli moja ikaniagiza picha za ndege. Kichwa kikanivimba. Nikaenda kukodi lenzi kwa Mzee Kanji, mwenye duka la kamera, nikachagua ndefu kuliko zote, nzito kama mchi. Mzee yule akanisogezea na fupi.

"Chukua na hii. Huko utakuta watu pia."

Nikamcheka, ile fupi nikaiacha. "Mzee wangu, mimi siendi harusini."

Nyumbani kwetu ni Dabaso, ukingoni mwa Mida, na njia za matopeni alizijua Baba. Akaniongoza, stendi ya kamera begani mwake, ingawa alikuwa na mguu mmoja mbovu. Ndege tuliwapata wengi hata nikasahau njaa. Maji yalipoanza kujaa, Baba akajipangusa uso, akafunga vifungo vya shati, akaja kusimama karibu nami.

"Nami nipige moja, mwanangu. Sina picha."

Sasa lenzi ndefu haishiki kitu kilicho karibu. Nikamwambia, "Baba, hapo hutoshi kwenye picha. Rudi nyuma hatua kumi."

Akayatazama matope yaliyomfika magotini. "Basi, siku nyingine," akasema. Nami nikarudi kwa ndege wangu. Miguu yangu ilikuwa mizima, Mbeyu. Ningeweza kurudi nyuma mimi.

Masika hayajaingia, Baba akafa. Unajua kwetu mtu hazikwi bila picha yake kutangulia mbele ya jeneza. Watu wote wakanitazama mimi, mpiga picha, na sikuwa na kitu. Tukaikuza ile ya kitambulisho, ikatoka ukungu mtupu. Shangazi yangu akauliza mbele ya watu, "Huyu ni nani?" Nilitamani ardhi inimeze. Wale ndege ninao hadi leo, sanduku zima, na sina hamu ya kuwatazama.

Basi lenzi ndefu ichukue, utaihitaji. Ila usiende nayo peke yake kwa kujiona. Na huyo atakayekuongoza matopeni, mpige picha yeye kwanza, kabla ya ndege yeyote, na wa kurudi nyuma uwe wewe. Akikwambia siku nyingine, mkatalie. Mimi uso wa babangu umeanza kunipotea, hata nikifumba macho siupati vizuri.

Nenda na radhi zangu, mwanangu. Mungu akupe umri, na kila umpendaye asiondoke kabla hujamtazama ukatosheka.